Ukingo wa Kilindini na Baraza la Siku Moja

Ukingo wa kisiwa cha Mombasa una wenyewe wengi kama nyumba ya mirathi. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Bustani na barabara za mjini ni za kaunti. Gati za Kilindini ni za Halmashauri ya Bandari. Mikoko ya hori la Tudor na la Port Reitz iko mikononi mwa Huduma ya Misitu, na samaki wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko hiyo hiyo wana idara yao nyingine. Ule ukanda unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakitoka, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kimeuweka kwa serikali kuu iushike kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo msimamizi. Mtongwe wako wanajeshi wa majini. Mtoto akirusha jiwe akiwa Likoni, hujui litatua kwenye mamlaka ya nani.

Wenyewe hawa hawapatani kwa mengi, ila kuna jambo moja wanalofanana. Katiba inawataka wote washirikishe umma wanapotaka kufanya jambo kubwa kwenye mali ya umma, na wote hushirikisha kwa namna ile ile. Wanaitisha baraza.

Aliyewahi kukaa kwenye baraza la aina hiyo anaujua mwendo wake. Hema, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, maji ya chupa. Tangazo lilitoka gazetini kwa Kiingereza. Saa ni nne asubuhi siku ya kazi, wakati mvuvi aliyelala baharini ndio kwanza anagombania bei ya alichopata, na muuza mihogo bado yuko Kongowea anachagua gunia. Chifu anafungua kwa dua. Mhandisi anaeleza ramani iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi: kijani ni bustani, kijivu ni maegesho ya magari. Mama mmoja anauliza vyoo vitakuwa wapi. Kijana anauliza ajira. Mzee anakumbusha kwamba hapo katikati ya kijivu palikuwa na njia ya kuteremkia baharini. Yote yanaandikwa. Kisha inapitishwa karatasi ya mahudhurio; watu wanaandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, wanapewa nauli, wanakwenda zao. Karatasi ile ndiyo inayoingia kwenye faili kuthibitisha kwamba umma umeshirikishwa.

Sina ugomvi na baraza lenyewe. Watu wa pwani wameamua mambo yao barazani tangu hakujakuwa na faili. Ugomvi wangu ni kwamba baraza hili huja mara moja, juu ya mchoro uliokwisha kuchorwa, halafu likivunjwa limevunjwa moja kwa moja. Na bustani iliyo kando ya bandari haiharibiki siku ya mchoro. Inaharibika mwaka wa tatu, taa zinapozimika na hakuna bajeti ya balbu. Mwaka wa nne, uwanja unapokodishwa kwa tamasha wikendi nne mfululizo. Mwaka wa tano, kibanda cha muda kinapoota msingi wa saruji. Wakati huo hakuna hema wala kipaza sauti.

Chukua Mama Ngina. Kwa asiyeijua, ni ule upande wa kusini mwa kisiwa, karibu na feri ya Likoni, unapokaa chini ya mibuyu ukaona meli za makontena zikiingia mlango wa Kilindini karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni. Wengi bado wanapaita Lighthouse. Kwa miaka mingi mahali pale palijiendesha penyewe. Jioni jua likitua, majiko yalipangwa kando ya barabara, mihogo ikichomwa na kukaangwa, ikipasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu. Madafu upande huu, achari na mabuyu upande ule. Familia nzima imekaa ndani ya gari milango wazi, watoto ukutani. Siku ya Idd hupati pa kukanyaga. Uchafu ulikuwepo, choo hakikuwepo, na giza la baada ya saa nne lilikuwa na watu wake.

Mwaka 2019 serikali kuu ikapajenga upya. Ekari 26, bajeti iliyotajwa ikiwa shilingi milioni 460, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba mwaka huo zikafanyiwa hapo hapo. Kuna waliokwenda mahakamani wakidai umma haukuulizwa vya kutosha na kwamba eneo lina historia isiyofaa kufukuliwa kwa tingatinga. Kuna waliosema hao ni wapinga maendeleo. Wachuuzi walilazimika kupisha ujenzi.

Nitasema bila kuzungusha: kilichojengwa kinapendeza, na mama mwenye watoto watatu anatembea pale leo kwa raha kuliko zamani. Lakini orodhesha mambo ambayo watu wa mji huu huyagombania kuhusu ukingo ule, halafu uyatafute kwenye mchoro wa 2019. Nani anaamua kibanda apewe nani, na kwa kodi gani? Ni siku ngapi kwa mwaka pafungwe kwa ajili ya hafla ya kulipia au mkutano wa siasa? Pesa za maegesho zinarudi kwenye bustani au zinaishia kwenye mfuko mkuu? Mvuvi wa mshipi akae wapi? Nani wa kupigiwa simu bomba likipasuka, mtu wa kaunti au mtu wa wizara? Hakuna hata moja linalochoreka. Yote ni mambo ya usimamizi wa kila siku, na kwenye usimamizi wa kila siku mwananchi hana kiti.

Mahakama zetu zimejitahidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya bandari ya Lamu, ikasema mradi ule uliendeshwa bila wenyeji kushirikishwa ipasavyo na bila kupewa habari walizostahili, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni hukumu kubwa, na kila afisa wa mradi wa pwani sasa anaitaja, mara nyingi kwa hofu. Matokeo yake nayo yanaonekana: karatasi za mahudhurio zimeongezeka. Hakimu anaweza kumlipa mvuvi kwa mkondo uliozibwa. Hawezi kuhudhuria kikao cha kila mwezi akauliza kwa nini mtaro wa maji machafu bado unamwagika horini.

Ajabu ni kwamba dawa tunayo, tena imo ndani ya hori lile lile, dakika chache kwa boti. Iko kwenye mikoko.

Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kwa miongo mingi maana yake ilikuwa moja tu: mkata boriti anafukuzana na askari wa misitu, na mwenye kibali cha Nairobi anakata mchana kweupe. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilipotobolewa karibu na Makupa na tani kama 5,000 zikamwagika, mikoko ya hapo ilikufa imesimama. Wakazi walitazama tu, kwa sababu kisheria haikuwa yao hata kidogo.

Sheria ya misitu ilibadilisha hesabu hiyo, na ile ya 2016 ikaiweka wazi zaidi. Jamii inayoishi kando ya msitu wa umma inaunda chama, inakisajili, kisha inakaa na Huduma ya Misitu kutengeneza mpango wa pamoja wa usimamizi. Mpango si hotuba. Unagawa msitu: hapa pa kupanda, hapa pa kuacha, hapa pa mizinga ya nyuki, hapa pa kuokota kaa. Unasema ni nani anaruhusiwa kuchukua fito na pau, na nani anapiga doria. Halafu pande mbili zinatia saini mkataba, na mkataba una muda wake. Ukiisha unajadiliwa upya. Wavuvi nao, tangu kanuni za 2007, wana vikundi vyao vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, ambavyo wanachama wake, kuanzia mwenye chombo hadi mchuuzi wa samaki, huchagua kamati na kusimamia diko lao, pale vyombo vinapotua.

Nenda Mikindani au Tudor maji yakitoka uwaone. Vijana wametumbukia tope hadi magotini, wamebeba miche ndani ya viroba vya unga vilivyokatwa, wanapima nafasi kwa kijiti. Wanajua bila kuuliza kwamba mikoko ina aina zake: mchu unavumilia chumvi ya juu ufuoni, mlilana hukaa mbele kabisa unapopigwa na mawimbi, na ukipanda ule uitwao mkoko hasa mahali pa mchu unapoteza mche na nguvu. Afisa aliyehamishwa kutoka bara mwezi uliopita hana ujuzi huo, na si kosa lake. Kwenye mkataba wa misitu ujuzi wao una mahali pa kuandikwa. Kwenye baraza la siku moja ungehesabiwa kuwa swali kutoka kwa hadhira.

Kwa hiyo tunao wakazi wa jiji hili hili wenye haki mbili tofauti. Akiwa tope hadi magotini Mikindani, ni mshirika wa serikali mwenye mkataba. Akipanda matatu akashuka feri, akatembea hadi Mama Ngina, ni mgeni. Mipaka ya idara ndiyo iliyoamua hivyo, na sijawahi kusikia mtu akiitetea kwa hoja.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya vijijini, kwamba jiji lenye bandari kubwa haliwezi kuendeshwa na kamati za mtaa. Basi tutazame jiji lenye bandari kubwa: Auckland, New Zealand. Nchi hiyo ina sheria ya 1977 ya maeneo ya umma yaliyotengwa, na kifungu chake cha 41 kinaeleza jinsi mpango wa usimamizi unavyotengenezwa. Kwa kawaida mamlaka hutakiwa kwanza kutangaza kwamba inakusudia kuandaa mpango, na kuomba mapendekezo kabla haijaandika hata mstari. Ikishaandika rasimu, inaiweka wazi kwa muda usiopungua miezi miwili, na anayeipinga akitaka kusikilizwa ana kwa ana anasikilizwa. Mpango ukipita haufungiwi kabatini. Sheria inataka uendelee kupitiwa. Zingatia hapo mwanzo: wananchi wanaulizwa mara mbili, na mara ya kwanza karatasi ni tupu.

Auckland wamekwenda mbali zaidi, na hawakufika huko kwa upole. Juu ya bandari ya Waitematā kuna rasi iitwayo Takaparawhau, inayojulikana pia kama Bastion Point. Ardhi ya watu wa Ngāti Whātua Ōrākei, ukoo wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ilichukuliwa kipande kwa kipande, nyingine kwa jina la matumizi ya umma. Mnamo 1951 na 1952 kijiji chao cha ghubani kilivunjwa na kuchomwa. Serikali ilipotaka kuuza sehemu iliyobaki kwa nyumba za matajiri, mwaka 1977 watu walipanda wakapiga kambi, wakakaa siku 506, hadi Mei 1978 polisi walipowaondoa na kuwakamata watu 222. Sheria ya 1991 ikawarudishia ardhi. Wao wakakubali sehemu kubwa ya rasi ibaki bustani, itumiwe na wao pamoja na wakazi wote wa Auckland, chini ya bodi ya watu sita: watatu wa ukoo, watatu wa baraza la jiji, mwenyekiti akitoka upande wa ukoo. Leo wakazi wanakimbia mbio za asubuhi pale bila kulipa senti, na miteremko imerudishiwa miti ya asili.

Siwaambii watu wa Mombasa wanakili bodi ya Ōrākei. Kule kulikuwa na ukoo unaojulikana na ardhi iliyoporwa kwa mpangilio unaoweza kufuatwa karatasi kwa karatasi. Huku ukisema "jamii" tu, umefungua mlango wa fujo.

Na hapa ndipo watetezi wa ushirikishwaji, mimi nikiwemo, huwa tunapita haraka haraka. Jamii ya ukingo wa Kilindini ni nani? Wako wazee wa Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, ambao mababu zao walikuwa na miji yao huku tangu kale. Wako Wadigo wa Likoni ng'ambo. Yuko muuza madafu aliyetoka Kilifi, kijana wa bodaboda aliyezaliwa Kisumu, Mhindi wa Ganjoni anayetembea baada ya chakula cha usiku kwa amri ya daktari, na wale mamia ya maelfu wanaovuka feri kila siku na kupumzika hapo dakika kumi. Ukichagua kwa asili, umeanzisha vita vya wenyeji na wageni ambavyo pwani imekwisha kuvilipia kwa damu, Likoni hasa, mwaka 1997. Ukiwaachia wanasiasa wachague, utapata wenyeviti wa vijana wenye miaka hamsini.

Mimi ningechagua kwa matumizi. Anayefanya kazi pale kila siku, anayelala jirani, anayevua pale, anayecheza pale: kila kundi litoe mtu wake kwa kura yake lenyewe, na wazee na Makavazi wawe na kauli isiyopingika kwenye mambo ya makaburi, magofu na mibuyu tu. Kamati itatekwa? Huenda. Kuna BMU ambazo mwenyekiti amegeuka dalali wa kiwanja cha diko, na kuna vyama vya misitu ambavyo mkutano mkuu haujaitishwa miaka. Lakini dalali wa kamati anajulikana nyumbani kwake, na muda wake unakwisha. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilionyesha kwamba waliogawa sana walikuwa maofisini, na wananchi walikuja kujua ukuta ulipokwisha kupanda. Njia nyingi za kuteremkia baharini Nyali na Bamburi zilipotea hivyo, moja baada ya nyingine, bila kikao chochote.

Zanzibar walionyesha kwamba hata suala gumu kuliko yote, la wachuuzi, linapangika. Bustani ya Forodhani ilifungwa mwaka 2008 kwa ukarabati uliogharimiwa na Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa Julai 2009, na wauza urojo na mishikaki wa usiku wakarudi, wamepangwa. Kuna wanaonung'unika kwamba bei ilipanda na mkazi akageuka mtalii kwao. Manung'uniko ya haki. Ila wauzaji walihesabiwa kuwa sehemu ya bustani tangu mwanzo.

Kwa Mombasa ningeanzia Kibarani wala si Mama Ngina. Lile jaa la kale la taka pale Makupa limefungwa, likasawazishwa na kupandwa miti, na tangu daraja la Makupa lifunguliwe mwaka 2022 na tuta la zamani kuondolewa, maji ya Tudor na Port Reitz yanakutana tena pale chini. Mahali penyewe bado ni papya, hakuna vibanda vyenye mizizi, hakuna aliyezoea kula kwa kodi za pale. Na mikoko iko hapo hapo, kwa hiyo njia ya mkataba inajulikana. Mkataba wenyewe hauhitaji kurasa mia. Utaje mipaka kwa alama ambazo mtu anaziona kwa macho. Utaje siku za kufungwa kwa mwaka zisizidi ngapi. Utaje vibanda vingapi, na kwamba hakuna kibanda chenye msingi. Mapato na matumizi ya mwezi yabandikwe getini, kwa Kiswahili. Uwe na muda wa miaka mitano, na kikao cha hadhara kila baada ya miezi mitatu, alasiri au jioni, wakati watu wamerudi kutoka baharini na sokoni.

Kaunti itasema haina fungu. Fungu hupatikana kwa kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya Septemba, Aprili utaambiwa kimechelewa. Kwa hiyo wa Mikindani, wa Changamwe na wa Chaani wanaotaka kiti Kibarani wasisubiri hema. Wamtafute mwakilishi wadi wao mwezi Julai, waende na rasimu mkononi.